Chombo cha Mtu Mmoja

Vitabu vya historia hupenda vyombo vikubwa. Hutusimulia merikebu za Wareno zilizofika Mombasa mwaka 1498, majahazi yaliyokwenda na kurudi kati ya Arabuni na pwani yetu kwa pepo za kaskazi na kusi, na meli za moshi zilizoshusha vyuma vya reli. Ni haki vyombo hivyo vitajwe, maana vilibeba wafalme, bidhaa na vita. Lakini kando ya kila merikebu palikuwa na chombo kingine, chembamba na cha chini, kilichoondoka alfajiri na mtu mmoja na kurudi jioni na kitoweo. Hicho hakikuandikiwa habari nyingi. Hata hivyo, ukitaka kujua akili ya watu fulani, usitazame jumba la mfalme wao peke yake. Tazama pia kitu kidogo ambacho maskini wao alikiamini kwa roho yake. Nakualika, msomaji, tukitazame chombo cha mtu mmoja, na jinsi watu mbalimbali walivyokichagua na kukipamba kwa kazi ya uvuvi.

Huenda ukauliza: Jambo hili lamhusu nini mwanafunzi wa Eldoret? Jiji hili halina ziwa. Limekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mto wake, Sosiani, si mto wa vyombo. Lilianza juu ya shamba namba 64, likapewa jina lake mwaka 1912, likafikiwa na reli mwaka 1924, na kupata hadhi ya jiji mwaka 2024. Katika habari zake zote husikii kafi likitajwa. Husikia plau, gari la ng'ombe, garimoshi, na miguu ya wakimbiaji. Walakini enda hadi Iten, usimame juu ya ukingo, uelekeze macho mashariki. Chini yako ni bonde la Kerio. Ng'ambo yake ni vilima vya Tugen. Na nyuma ya vilima hivyo limelala Ziwa Baringo. Kusini zaidi, katika Bonde la Ufa lilo hilo, liko Ziwa Naivasha. Kaskazini liko Ziwa Turkana, na magharibi Ziwa Viktoria. Basi mtu wa Eldoret ni mtu wa nchi kavu aliyezungukwa na maziwa. Haifai asijue jirani zake huelea juu ya nini.

Kabla hatujasafiri, tuchukue mizani ya kupimia. Kila mtu aliyepata kuchonga, kufunga au kununua chombo cha kuvulia alijibu maswali matatu, ajue au asijue. La kwanza: Chombo hiki kitaelea juu ya maji ya namna gani? La pili: Kitamfuata mnyama au samaki yupi? La tatu: Kitambeba mtu gani, mwenye mwili gani na mali gani? Aliyejibu maswali haya vizuri alirudi nyumbani. Aliyejibu mawili akasahau la tatu, aghalabu hakurudi kutueleza kosa lake.

Tuanze mbali, ili turudi karibu tukiwa na macho mapya. Katika nchi za barafu za kaskazini mwa dunia, yaani Greenland, kaskazini mwa Kanada, na Alaska, wanaishi watu waitwao Inuiti. Pwani zao hazina misitu. Gogo lao ni lile lililong'olewa na mito ya mbali, likachukuliwa na bahari na kutupwa ufukoni. Kwa magogo hayo ya kuokota, na pengine kwa mifupa ya nyangumi, walitengeneza kiunzi chepesi, na juu ya kiunzi wakavika ngozi za sili. Wanaume waliunda kiunzi, wanawake walishona ngozi. Mshono wa mwanamke ulikuwa ndio mpaka baina ya mumewe na mauti, maana maji yale ni ya baridi kali, na aliyetumbukia hakukawia kufa. Chombo hicho ndicho kayaki, na mabaki ya zamani kabisa yaliyofukuliwa Greenland hukadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 4,000.

Kayaki ya kale haikuchaguliwa dukani. Ilipimwa juu ya mwili wa mwenyewe. Kanuni moja iliyofuatwa sana Greenland ilisema hivi: urefu wa kayaki uwe mara tatu ya upana wa mikono ya mwenyewe akiinyosha, upana wake penye kiti uwe upana wa nyonga zake na kuongezwa ngumi mbili, na kina chake kiwe ngumi moja na dole gumba lililonyoshwa. Hapa msomaji wa Kiswahili hawezi kukosa kutabasamu. Wazee wa pwani yetu nao walipima kwa shubiri, kwa dhiraa na kwa pima, na pima ni upana wa mikono miwili iliyonyoshwa. Kwa maneno yetu, kayaki ilikuwa chombo cha pima tatu. Watu wawili wasiopata kuonana, mmoja wa barafu na mmoja wa minazi, walikubaliana kwamba kipimo cha kwanza cha binadamu ni binadamu mwenyewe.

Vifaa navyo vilikuwa na sheria. Chusa kilikaa mahali pake, penye kufikiwa na mkono wa kulia. Kamba ya chusa ilizungushwa juu ya kitako chake mbele ya mwindaji, ili ifunguke bila kukwama. Boya la ngozi iliyojazwa pumzi lilikaa nyuma, ili sili aliyechomwa asizame na kamba. Kila kitu kilishikwa na ukanda wa ngozi uliokazwa juu ya chombo. Mwindaji mwenyewe alivaa vazi la ngozi lililofungwa kuzunguka tundu alimoketi, hata maji yasipate mlango. Mtu aliye katikati ya mawimbi hana nafasi ya kutafuta kitu. Mkono wake hauna budi kuijua njia hata macho yakipofushwa na maji ya chumvi. Mapambo ya chombo hicho hayakuwa urembo. Yalikuwa ni kumbukumbu iliyowekwa nje ya kichwa, ili kichwa kibaki na kazi ya kuwinda.

Sasa turudi Bonde la Ufa. Kando ya Ziwa Baringo wanaishi Wachamus, ambao katika vitabu vya zamani huitwa Wanjemps. Ni wafugaji na wakulima, na kwa muda mrefu wamekuwa wavuvi pia. Katika karne ya kumi na tisa mashamba yao yaliyonyweshwa kwa mifereji yalilisha misafara iliyotoka pwani. Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alifika huko, na katika safari yake aliandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Basi watu waliokulia karibu na mitumbwi na ngalawa walikaa wakapumzika kando ya ziwa hili la bara. Hata hivyo chombo cha Baringo hakikugeuka kuwa ngalawa. Jambo hilo linastahili kuulizwa sababu yake.

Chombo cha Mchamus hufungwa kwa mti uitwao ambachi. Mti huu huota penye maji kando ya ziwa, na ubao wake ni mwepesi mno. Kijana mmoja aweza kubeba mzigo mkubwa wa vigogo vyake bila kutweta. Vigogo hulazwa sambamba, hufungwa kwa kamba, huinuliwa kidogo ubavuni, na mbele hubanwa pamoja hata vikafanya ncha. Mvuvi huketi ndani na miguu ameinyosha mbele, karibu sana na maji, na kwa mikono yake miwili hushika vibao viwili vidogo ambavyo hupiga navyo maji kulia na kushoto. Ukimtazama kutoka ufukoni, utadhani mtu ameketi juu ya ziwa lenyewe.

Mgeni wa haraka huona kasoro. Husema: "Chombo hiki chavuja." Naam, chavuja, na wala hakikukusudiwa kisivuje. Mtumbwi huelea kwa sababu umezuia maji yasiingie. Ukijaa, hesabu yake imekwisha. Chombo cha ambachi huelea kwa sababu mti wenyewe huelea. Wimbi likiingia, hutoka tena kati ya vigogo. Mvuvi wake hana haja ya upo wa kufulia maji. Ila mti huu hunywa maji kidogo kidogo na kuwa mzito, kwa hiyo baada ya kazi chombo hutolewa ziwani kikaanikwa juani. Na kwa kuwa ni chepesi, mtu mmoja hukitoa peke yake.

Tukipime kwa maswali yetu matatu. Maji: Baringo ni ziwa la maji baridi, lenye rangi ya udongo ulioletwa na mito, na upepo wake waweza kuinuka ghafula. Chombo kisichoweza kujaa maji kinafaa mahali hapo. Samaki: ngege na kambale wa Baringo huvuliwa kwa nyavu na kwa ndoana karibu na majani, na chombo cha chini kinachopita kimya penye maji haba kinawafaa. Mtu: mvuvi asiyekuwa na fedha za fundi wala za mbao hupata chombo chake kwa panga, kamba na siku chache za kazi. Ngalawa ingedai mti mkubwa, shoka, tezo, na mikono mingi ya kuuburura. Kwa hiyo Mchamus hakukosa maarifa ya ngalawa. Alijibu maswali ya ziwa lake, na majibu yakampa ambachi.

Ukitaka ushahidi zaidi kwamba maji ndiyo mwalimu, tazama pande mbili nyingine. Katika Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani, Waelmolo walifunga magogo ya mkoma yakawa chelezo, na juu yake wakasimama kuwachoma samaki kwa chusa. Huko ambako pwani ni mawe na miti ni adimu, mkoma ndio uliopatikana, basi mkoma ukawa chombo. Pwani ya Bahari ya Hindi nako mvuvi huchonga mtumbwi kwa gogo la mwembe au la mti mwingine mnene, na akitaka kutweka tanga na kukabili mawimbi huuongezea marengu mawili, kushoto na kulia, ukawa ngalawa. Marengu hayo ni jibu la swali lile lile ambalo Mwinuiti alilijibu kwa vazi lililofungwa tunduni: Je, chombo chembamba kitazuiwaje kisipinduke? Mmoja alikipanua chombo kwa mikono ya miti. Mwingine alikubali kipinduke, akajifunza kukiinua tena akiwa yumo ndani.

Kayaki haikubaki kwao. Mwaka 1865 John MacGregor, Mskoti, alisafiri katika mito na maziwa ya Ulaya kwa chombo kidogo cha mbao alichokiita Rob Roy, kilichofuata mfano wa kayaki, na kitabu alichokiandika mwaka uliofuata kiliwafanya watu wengi watamani safari za namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Wajerumani waliunda kayaki ya kitambaa na vijiti, iliyoweza kukunjwa na kupakiwa katika garimoshi. Baadaye ngozi na kitambaa vilitoa nafasi kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, kisha kwa plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Tangu miaka ya 1970 ilienea pia kayaki isiyo na tundu, ambayo mtu huketi juu yake kama juu ya ubao, na maji yakipanda hushuka tena kwa matundu yaliyotobolewa kutoka juu hadi chini. Hapo tazama maajabu ya historia: Kayaki hiyo mpya, fahari ya viwanda, huelea kwa hekima ile ile ya chombo cha Baringo. Haiwazuii maji kuingia, huyaachia yapite.

Kayaki ya namna hii ndiyo iliyopendwa na wavuvi wa Marekani wamfuatao samaki aitwaye besi. Naye besi ana historia yake katika nchi yetu, ambayo inatupasa kuijua.

Asili ya besi mwenye kinywa kikubwa ni Amerika ya Kaskazini. Ni samaki mwindaji. Hakimbilii mawindo yake mwendo mrefu kama afanyavyo samaki wa bahari kuu. Hukaa kivulini, chini ya majani au kando ya gogo lililozama, akangojea, kisha huruka mara moja akameza. Huzaa penye maji haba, na dume hulinda kiota kwa ukali. Kwa sababu hiyo mvuvi wake hana haja ya kwenda mbali vilindini. Haja yake ni kukaribia ukingo wa majani bila mshindo, na kutupa chambo kwa shabaha. Tarehe 2 Juni 1932 mkulima mmoja wa Georgia, George Perry, alivua besi mwenye uzito wa kilo 10 na ushei, na hadi mwaka 2009 hakuna aliyemfikia. Mwaka huo Manabu Kurita alivua mwenye uzito kama huo katika Ziwa Biwa, Japani. Husimuliwa kwamba Perry alikuwa katika mashua ndogo ya mbao iliyoundwa kwa mikono. Ukuu wa samaki haukungojea ukuu wa chombo.

Besi aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929. Yafaa ujue ziwa hilo lilikuwa mikononi mwa nani. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamasai walihamishwa kutoka sehemu hiyo ya Bonde la Ufa, na ardhi ikawa ya walowezi wa Kizungu. Walowezi walitaka mchezo wa kuvua kwa fimbo kama walivyouzoea kwao. Kabla ya karne ya ishirini Naivasha haikuwa na samaki wengi. Alijulikana samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama kidole. Ngege waliletwa mwaka 1925, besi wakafuata. Walipata makao mazuri: maji baridi yasiyo na chumvi, kingo za mafunjo, na vivuli vya kujifichia. Mwaka 1959 uvuvi wa nyavu kwa biashara ulianza, na samaki aliyeletwa kwa mchezo wa wachache akaingia katika vyungu vya wengi.

Sasa tuseme, msomaji, kwamba wewe mwenyewe, umekwisha kuwa mtu mzima na una kibali cha kuvua, wataka kuchagua kayaki ya kumfuata besi huyo. Maswali yale matatu yatakutosha.

Uliza maji kwanza. Ziwa lenye mafunjo na njia nyembamba lataka chombo kifupi kinachogeuka upesi. Bahari au ziwa la mwendo mrefu lataka chombo kirefu kinachokwenda sawasawa. Kayaki ya baharini huzidi mita 5, na upana wake hauzidi sana sentimita 60. Kayaki ya kuvulia besi huwa ya mita 3 hadi 4, na upana wa sentimita 75 hadi 90. Upana huleta utulivu, na mvuvi anayetupa mshipi mara mia kwa siku auhitaji utulivu kuliko mwendo. Lakini kila faida ina bei yake: chombo kipana huchosha mikono, na upepo hukisukuma.

Kisha uliza samaki. Besi husikia mshindo. Usichukue vyombo vya chuma vinavyogongana. Weka kitambaa chini ya sanduku la ndoana. Fimbo za kuvulia zikae katika vishikio vilivyo karibu na mkono, lakini visivyozuia kafi. Nanga iwe ndogo, nayo ifungwe mbele au nyuma, isifungwe ubavuni, kwa maana kayaki iliyotiwa nanga ubavuni hupinduliwa na wimbi dogo. Usijaze vitu. Mwinuiti aliingia bahari ya barafu na vifaa alivyoweza kuvihesabu kwa vidole. Wewe huna sababu ya kwenda Naivasha na duka zima.

Mwisho jiulize wewe mwenyewe. Je, waweza kuibeba? Kayaki ya uvuvi huwa na uzito wa kilo 25 hadi 45, na chombo kisichoweza kutolewa nyumbani hakivui samaki. Kiwanda huandika mzigo ambao chombo chaweza kuchukua. Jumlisha mwili wako, nguo, vifaa na samaki unaowatarajia, na jumla hiyo ibaki chini sana ya kikomo. Vaa jaketi la kujiokolea. Usiliweke nyuma ya kiti kama mto. Jifunze kupinduka na kupanda tena penye maji haba, mchana, mbele ya watu, kabla hujahitaji elimu hiyo vilindini. Tena usisahau kwamba maziwa yetu yana wenyeji wasiopatikana katika maziwa ya Georgia. Naivasha ina viboko wengi, na Baringo ina viboko na mamba. Maelezo ya kiwanda hayasemi neno juu ya kiboko. Kwa hiyo mshauri wako mkuu si karatasi iliyokuja na kayaki, bali mvuvi wa pale, ajuaye kiboko hulala wapi na hupita njia gani. Akikwambia usiende upande fulani, usiende. Ikiwa atasema leo haifai chombo cha mtu mmoja, panda mashua ya watu wengi.

Nimesema kwamba watu walikichagua chombo kwa maswali matatu. Linabaki jambo zito kuliko yote haya. Walioleta besi Naivasha walijua sana kuchagua fimbo na mashua. Waliyachunguza maji kama yatamfaa samaki wao. Swali ambalo halikuulizwa ni kama samaki wao atayafaa maji. Yule samaki mdogo wa asili, ambaye hakupatikana kwingineko, alionekana mara ya mwisho katika ziwa lile mwaka 1962. Wataalamu humhesabu besi miongoni mwa sababu za kutoweka kwake. Mwaka 1970 waliletwa kamba wekundu wa Louisiana. Nao wakaila mimea ya majini, kisha wenyewe wakawa chakula cha besi. Mwaka 2001 samaki wa biashara walikuwa wamepungua hata uvuvi ukafungwa kwa muda. Katika miaka iyo hiyo aliingia samaki mwingine wa kigeni, kapu wa Ulaya na Asia, ambaye hakualikwa na mtu ziwani. Naye punde akawa ndiye anayejaza nyavu. Ziwa lililokuwa na samaki mmoja limekuwa mkutano wa wageni, na yule mwenye nyumba hayumo.

Ona tofauti. Mtu akichagua chombo kibaya, hasara ni yake, na kesho atachagua kingine. Kumchagua samaki wa kutia ziwani ni kuwachagulia watu wote na vizazi vyote, na uchaguzi huo hauna kesho ya kuutangua. Chombo hurudishwa pwani. Samaki harudishwi.

Baringo nayo inatufundisha upande wa pili. Katika miaka ya 1970 samaki aitwaye kamongo alitiwa humo, na mvuvi akalazimika kuzoea ndoana zake. Tena tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda, na mwaka 2020 yalifunika sehemu za Kampi ya Samaki. Ufuko ukisogea, nyumba husogea, nyavu husogea, na mti ulioota penye ufuko wa jana husimama vilindini leo. Chombo cha ambachi kinategemea ambachi. Na ambachi inategemea ukingo wa ziwa ulio salama. Hekima ya kufunga vigogo haiwezi kukaa hewani. Siku mti utakapokosekana, maarifa ya kuufunga yatakuwa kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Kwa hiyo usikidharau chombo kidogo, wala usimdharau aliyekiunda. Mwinuiti na Mchamus hawakusoma kitabu kimoja, wala hawakuwa na mwalimu mmoja. Lakini kila mmoja alikaa mbele ya maji yake akayauliza kwa adabu, akalisikiliza jibu, akalifanya chombo. Kiwanda cha leo kimekuja kujifunza kwao wote wawili, hata kama hakikuandika majina yao ubavuni.

Utakapoona kitu chochote cha kazi, iwe jembe la Uasin Gishu, mzinga wa nyuki wa bonde la Kerio, au mtumbwi wa Viktoria, usiulize kwanza kama ni cha zamani au cha kisasa. Uliza kimeundwa kwa maji gani au udongo gani, kwa kiumbe gani, na kwa mtu gani. Na ikiwa siku moja utapewa mamlaka ya kuchagua kitu kwa ajili ya nchi, ongeza swali la nne, lile ambalo halikuulizwa Naivasha mwaka 1929: Je, nikikosea, kitu hiki chaweza kurudishwa?